Kesi ya Jicho la Shimba

Daktari Jivraj alikosa jambo moja tu, nalo ni kusema kweli yote. Angemwambia Shimba alale kitandani, afunge mdomo na akatwe, mambo yangekwisha wiki ileile, na Tereza angerudi Kisesa kuanua michembe yake, vile viazi alivyoanika, kabla mvua haijaikuta uani. Lakini Jivraj alikuwa muungwana. Alimweleza mgonjwa wake kwamba njia za kulipasua jicho lake ziko mbili, na kwamba madaktari wenyewe, yeye na Mwingereza aliye juu yake, hawajakubaliana ipi iliyo bora. Kumweleza hivyo mtu wa kawaida si neno. Lakini Shimba alikuwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chini ya mtemi, na tangu ndevu zimtoke kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda, kusikiliza pande mbili na kukata shauri. Mtu kama huyo humwambii kwamba kuna pande mbili.

Tereza, mkewe, alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani. Alimwona mumewe akinyoosha mgongo na kuweka mikono juu ya magoti. Aliujua mkao ule, na moyo ukamshuka.

"Hebu rudia, daktari," Shimba alisema. "Upande wa kwanza unasemaje?"

Jivraj, maskini, akarudia. Alikuwa Mhindi mwembamba wa makamo, mwenye miwani na Kiswahili cha taratibu. Alikuwa amekwisha kuyabonyeza macho ya Shimba kwa ncha za vidole juu ya kope, akipima ugumu wake. Alisema ndani ya jicho maji huingia na kutoka daima. Katika jicho la Shimba mlango wa kutokea uko wazi, ukiutazama huoni kasoro, ila chujio lililo hapo mlangoni limeziba. Maji yanajaa, jicho linakuwa gumu kama ndimu changa, na mshipa wa kuonea ulio nyuma unasongwa pole pole hadi unakufa. Hauumi. Huanza kufa kwa pembeni, mwenye jicho akijiona mzima kabisa, na kinachokufa hakirudi.

Mwingereza, yaani Bwana Mkubwa, hutoboa tundu dogo la mviringo ukingoni mwa jicho, chini ya ile ngozi nyembamba, ili maji yapate pa kuvujia. Jivraj mwenyewe hupasua mwanya, kisha huvuta ncha ya lile pazia la rangi linalozunguka mboni na kuiacha imebanwa kwenye jeraha kama utambi, jeraha lisipate kuziba kabisa. Tundu likikubali hukubali vizuri, lakini ngozi iliyo juu yake hubaki dhaifu, na hata baada ya miaka usaha unaweza kupenya ukaliharibu jicho zima. Utambi hauna sana hatari hiyo, ila jicho huweza kuwaka kwa muda mrefu, na mboni haiwi ya mviringo tena.

"Na zote mbili zinafaa?" Tereza aliuliza.

"Zote zinafaa, mama. Kibaya ni kungoja."

"Basi mkate leo."

"Tulia kwanza, Mama Bernadeta," Shimba alisema. "Huyu Bwana Mkubwa sijamsikia. Siwezi kukata shauri kwa maneno ya upande mmoja." Akamgeukia daktari, akamwomba majina ya watu waliokatwa kwa njia hii na ile. Na Jivraj, kwa uungwana wake uleule, akamtajia.

Kilichomuudhi Tereza ni kwamba lile jicho halikuwa la kufanyia mzaha. Lilikuwa limebaki hilohilo moja. La kushoto lilikufa kimya kimya, wala hakuna aliyejua hadi siku moshi wa jikoni ulipomwingia Shimba jicho la kulia, akalifumba, akakuta dunia nzima giza. La kulia nalo lilikuwa njiani. Angeweza kukaa mlangoni kwake akakutajia ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde, kwamba ni yule mwekundu mwenye baka jeupe begani, na asikosee. Kisha akainuka na kumkanyaga mwana mbuzi aliyelala mbele ya miguu yake. Akimkanyaga, kosa lilikuwa la mbuzi. Akigonga mtungi, kosa lilikuwa la Tereza aliyeuweka njiani, na mtungi ule ulikuwa pale tangu walipooana.

"Mimi naona," alikuwa akisema. "Nani hapa kijijini anayeona mbali kama mimi?"

Hapo ndipo Tereza alipotamani kumpiga mwiko wa ugali. Maana ilikuwa kweli. Aliona mbali, tena vizuri, kwa kile kitundu cha katikati alichobakiwa nacho, na kwa sababu hiyo hakuna maneno yaliyomwingia.

Walirudi na chupa ya dawa ya matone, ya kulishikiza jicho la kulia wakati mwenyewe akifikiri. Walipofika nyumbani Shimba aliamuru matone yatiwe kwenye jicho la kushoto. Dawa hupewa mgonjwa, alisema, na la kulia ni zima. Tereza mwenyewe, lazima isemwe, aliliona neno hilo lina akili, akawa analinywesha jicho lililokufa asubuhi, mchana na jioni. Ni kaka yake Venant, katekista, aliyepita siku moja akasoma karatasi ya chupa na kuwauliza kama wanamtilia dawa maiti. Wakahamia jicho la kulia. Shimba akalalamika kwamba dawa inamletea magharibi saa nane ya mchana, akakataa kuiona tena. Chupa ikabaki imesimama dirishani, na kila Tereza alipoipita hasira zilimpanda upya.

Pamba ilipokwisha kuuzwa na watu wamepata nafasi, Shimba aliitisha kesi.

Aliiitisha kama kesi nyingine yoyote. Wazee waliitwa, vigoda vikapangwa uwanjani mbele ya zizi, kwenye kivuli cha jabali, na watu wakaja na watoto wao, maana kesi ya mume na mke wameizoea, kesi ya mipaka wameizoea, ila kesi ya tundu na utambi ilikuwa haijapata kusikika. Tereza aliwapikia. Alipika kwa kishindo, akigonga masufuria ili mumewe asikie, na mumewe alisikia asijali.

Shahidi wa tundu alikuwa Malimi, mfugaji wa upande wa Usagara, aliyekatwa na Bwana Mkubwa miaka iliyopita. Alikuja akitembea kwa hadhari, kichwa kikigeuka huku na huku kama kuku. Alikuja na kaka yake mkubwa. Shahidi wa utambi alikuwa mjane mmoja wa Mirongo aitwaye Odeta, muuza dagaa, ambaye mboni yake moja ilikuwa ndefu kwa chini kama tundu la ufunguo. Watu walisogea kumtazama, naye akawaambia kwamba akina mama sokoni wamekwisha kumtazama wakachoka.

"Malimi," Shimba alianza. "Kabla ya kukatwa ulikuwa unaona nini?"

"Nilikuwa naona mbele. Pembeni sioni."

"Na sasa?"

"Naona mbele. Pembeni sioni."

"Tundu limekurudishia nini?"

Malimi alifikiri, maana alikuwa mtu mkweli. "Halikunirudishia kitu, mwanangwa."

Watu wakaguna. Odeta naye akaulizwa, akajibu vilevile, tena akaongeza kwamba jua linamchoma jicho siku hizi na sindano haoni kuitia uzi. Shimba akawatazama wazee kwa lile jicho lake moja. Tereza alikuwa amesimama na ungo mkononi, akaanza kuona mambo yanakokwenda.

Kwenye baraza la Shimba sheria ilikuwa moja, na kwa sheria hiyo alisifiwa hadi kwa mtemi: haki ni kurudisha. Aliyeibiwa ng'ombe arudishiwe ng'ombe. Aliyeachika mahari irudi. Hukumu isiyorudisha kitu mkononi mwa aliyedhulumiwa, Shimba alikuwa akisema, ni porojo. Kwa kesi za ng'ombe ilikuwa sheria nzuri sana.

"Nani mwingine amekatwa jicho hospitalini?" aliuliza.

Kabla Tereza hajafungua mdomo alisimama Ngosha, jirani yao, mzee mcheshi asiyeitwa na mtu. Alisema yeye alipelekwa akiwa kipofu, anashikwa mkono, mboni zimekuwa nyeupe kama maziwa ya mgando. Akakatwa. Sasa anahesabu ng'ombe wake mwenyewe na kuwaona wezi wa mahindi yake kwa majina. Watu wakapiga makofi.

"Huyo alikuwa na mtoto wa jicho," Tereza alisema kwa sauti. "Ni ugonjwa mwingine. Daktari alisema wewe huna doa lolote jeupe."

"Mama Bernadeta, shahidi haingiliwi."

"Na huyu je?" Tereza alimwonyesha kaka yake Malimi kwa ungo. "Naye ana ugonjwa huohuo wa ndugu yake. Hamwulizi kitu?"

"Amekatwa?"

"Hakukatwa."

"Basi hana ushahidi," Shimba alisema, na wazee wakatikisa vichwa kukubali. Akakata shauri palepale. Tundu limeshindwa, utambi umeshindwa. Yeye anachagua ya Ngosha.

Tereza alikwenda kugawa chakula akiwa haoni mbele kwa hasira. Alipofika kwa kaka yake Malimi alimnyooshea kibuyu cha maziwa, na yule mzee akaunyoosha mkono wake pembeni kabisa, hewani, akapapasa. Tereza alimshika mkono, akamwekea kibuyu kiganjani.

"Ahsante, mama," alisema. "Daktari alitupima siku moja, mimi na Malimi. Mimi ndiye niliyekuwa na macho mazuri. Ndiyo maana nilikataa kukatwa."

Tereza alisimama pale na kibuyu kingine mkononi, wenye njaa wakimwita, asisikie.

Usiulize jinsi Jivraj alivyopokea hukumu ile. Shimba alisafiri juu ya lori la pamba hadi mjini, akaketi mbele yake na kumwambia kwa heshima kwamba ameyasikia maneno yote na ameamua akatwe kama Ngosha. Jivraj alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaeleza tena tangu mwanzo, maji, mlango, chujio. Akasema Ngosha alikuwa na kioo kilichochafuka ndani ya jicho, kikatolewa. Shimba kioo chake ni safi, kinachokufa ni mshipa. Wala hakuna dawa wala kisu duniani cha kuufufua.

"Yaani unayo njia ya kumfanya kipofu aone," Shimba alisema polepole, "na mimi unaninyima."

"Baba Bernadeta," Tereza alisema.

"Nauliza tu."

"Hukuuliza. Umemtukana mtu wa watu."

Jivraj alimpima tena, akimwambia aitazame pua yake yeye daktari, huku akileta vidole kutoka pembeni. Vidole vilifika karibu sana na sikio la daktari mwenyewe ndipo Shimba alipoviona. Jivraj alimgeukia Tereza, si mgonjwa. Alisema siku ile ya kwanza, mwezi wa michembe, alimkuta akiona zaidi ya hapo. Akasema Bwana Mkubwa anaondoka karibuni kwenda likizo Ulaya, na yeyote atakayekata, akate upesi, maana sikio la kufa halisikii dawa, na jicho ni hivyohivyo.

Walirudi nyumbani kwa lori. Walipoteremka Shimba alimwambia mkewe kwamba yupo fundi mmoja wa macho, mtu wa kutembea na mfuko, anayepita minadani na sindano yake, na ambaye hulichoma doa la jicho likazama siku hiyohiyo, mtu akaona. Amekwisha kumtumia salamu. Atakuja siku ya mnada ujao.

"Atachoma doa gani? Wewe huna doa."

"Yeye ndiye fundi. Atalitafuta."

Kuna hasira ya kupayuka na kuna hasira inayomnyamazisha mtu. Tereza aliingiwa na hii ya pili. Alimwona mumewe akielekea nyumbani mbele yake, kichwa juu, mtu mwenye akili ambaye watu walitoka mbali kuja kumsikiliza, akienda kulitoboa jicho lake la mwisho kwa sababu limekosa shahidi. Alimpenda, na wakati ule hakuweza kuvumilia hata kuutazama mgongo wake. Hakuingia nyumbani. Alipitiliza moja kwa moja hadi kwa Mzee Mhoja.

Mzee Mhoja ndiye aliyekuwa mkubwa wa wazee wa baraza, na alikuwa amechoka na dunia kiasi kwamba hakushangazwa na kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona usoni hivyo?"

"Nimekuja kumshitaki mume wangu."

"Amekupiga?"

"Afadhali angenipiga. Ameamua kesi ya mali yake mwenyewe."

Mhoja aliacha kutafuna. Hilo lilikuwa jambo zito. Tangu enzi za mababu mwanangwa hakai kigodani ng'ombe wake mwenyewe anapogombaniwa. Hushuka, akaketi chini na wengine, wazee wakasikiliza. Wote walikuwa wamelisahau neno hilo siku ile, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona jicho likigombaniwa.

Kesi ya pili ikaitwa siku mbili kabla ya mnada. Kwa desturi mke hazungumzi peke yake dhidi ya mumewe bila ndugu yake, kwa hiyo Venant alisimama kumsemea dada yake. Akaanza na salamu, akaendelea na sala fupi, akapita kwa chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, akawa anakaribia usipoziba ufa utajenga ukuta, ndipo Tereza alipomvuta kanzu akamkalisha.

"Nitasema mwenyewe," alisema. "Jicho ni lake, alikaaje kigodani?"

"Mganga hajigangi," Mzee Mhoja alisema. "Shuka, Shimba."

Shimba alishuka. Alishuka bila ubishi, akaketi chini na wengine, kwa sababu sheria aliiheshimu kuliko alivyojiheshimu yeye. Lakini akiwa pale chini alidai, kama mdaiwa yeyote, kwamba mke hana dai. Jicho halina mahari wala halina mpaka na shamba la mtu.

"Likifa, wewe utakaa kivulini," Tereza alimjibu. "Watu watakuja kukupa pole. Mimi ndiye nitakayekupeleka chooni usiku na mchana hadi mmoja wetu afe. Hilo si dai?"

Wanawake waliokuwa nyuma walicheka, wazee wakatazama chini. Mhoja akasema ni dai.

Tereza akamwita kaka yake Malimi. Venant alikuwa amemfuata kwa baiskeli hadi Usagara na kumleta amempakia nyuma, na hilo peke yake, Venant alipenda lijulikane. Yule mzee alisimamishwa mbele, akashikishwa fimbo. Malimi akasimama kando yake.

"Hakukatwa," Shimba alisema kutoka chini, kwa mazoea.

"Ndiyo maana nimemwita," Tereza alisema. "Wewe ulilinganisha kisu na kisu. Mimi nalinganisha kisu na kungoja. Waulize unavyotaka. Wewe si mwamuzi leo, lakini kuuliza unajua."

Shimba aliwageuzia ndugu wale wawili lile jicho lake, kwanza mmoja, kisha mwingine, maana kwa pamoja jicho halikuwaenea. Alipouliza, aliuliza kwa sauti yake ya kazi, ile aliyoitumia kwa wezi na mashahidi wa uongo.

"Ugonjwa wenu ni mmoja?"

"Mmoja. Baba yetu naye alikufa nao."

"Mlipimwa na daktari mmoja?"

"Mmoja. Siku moja."

"Siku hiyo, kati yenu wawili, nani alikuwa anaona zaidi?"

"Mimi," alisema mwenye fimbo.

"Malimi, ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangwa. Kaka ndiye aliyenishika mkono kunipeleka hospitalini."

Shimba hakuuliza tena. Watu walingoja, maana walimzoea kuuliza maswali mengi. Alikuwa akimtazama yule mzee kipofu aliyepata kumshika ndugu yake mkono, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeikuta hati ya kesi iliyokwisha amuliwa vibaya, na hukumu ni yake. Tereza alidhani ataona raha. Hakuona raha yoyote. Alitaka kwenda kumfunika uso kwa kanga yake watu wasimwone.

Wazee walikata shauri bila kuinuka. Fundi wa sindano asiguse jicho hilo, Shimba apelekwe hospitalini. Na hapo mambo yangekwisha, kama binadamu wangekuwa na akili. Lakini mzee mmoja akauliza: akatwe tundu au utambi? Mwingine akasema tundu, kwa kuwa Mwingereza ndiye mkubwa. Ngosha akasema utambi, ingawa aliyemwuliza hakuwapo. Venant akataka kulinganisha na habari ya kipofu wa Yeriko. Wakaanza kubishana: Odeta, Malimi, nani aitwe tena, lini.

Tereza aliutupa chini ungo aliokuja nao.

"Bwana Mkubwa anakwenda Ulaya," alisema. "Akilikata na likawaka, tutamfuata huko kwa miguu? Jivraj yupo. Atakayelikata ndiye atakayelitazama. Kesho lori linapita."

Na kesho yake lori lilipita.

Jivraj alikata. Shimba alilala na kitambaa machoni, akilalamika juu ya uji, juu ya mgonjwa wa kitanda cha jirani, na juu ya Wahindi kwa jumla, isipokuwa mmoja. Jicho liliwaka kama alivyoambiwa, likawa jekundu wiki hadi wiki, Tereza akilitia dawa na kutukanwa. Kisha likatulia. Jivraj alilibonyeza kwa vidole, akatabasamu mara ya kwanza tangu wamjue, akasema limelainika. Lakini alikuwa mkweli hata siku hiyo. Alisema kitundu kilichobaki ni chembamba kuliko cha ile siku ya kwanza, na tofauti hiyo imekwenda, haitarudi.

Ng'ombe wa ng'ambo ya bonde Shimba aliendelea kuwaona, mtu akimgeuzia kichwa waliko. Kesi aliendelea kuamua. Alikaa kigodani akiwageukia watu mmoja mmoja, na wageni walidhani ni madaha ya ukubwa.

Msimu uliofuata alikuja mwanamke mmoja wa Usagara, ametumwa na Jivraj. Alikuwa na macho mazuri tu, alisema, ila anagonga vitu. Ameambiwa zipo njia mbili, na amekuja kwa mwanangwa kwa kuwa amesikia yeye ndiye aliyeziamua. Alikaribishwa kigoda, akaketi, Tereza akamletea maji. Ipi bora, aliuliza, tundu au utambi?

Shimba alinyoosha mgongo, akaweka mikono juu ya magoti. Tereza alisimama mlangoni na kata mkononi, damu ikimpanda, tayari kuingilia shahidi, mdai na mwamuzi wote kwa mpigo.

"Usiniulize ipi," Shimba alisema. "Hospitali iko wazi leo. Kwa nini umekuja kwangu kwanza?"

Alilisema kwa uzito, kama neno alilolivumbua yeye, wakati Tereza alikuwa amelisema tangu siku ya kwanza kwenye benchi la ukutani, bure, bila kesi, bila mashahidi na bila kuwapikia watu. Tereza angemkumbusha hapohapo. Lakini Shimba alikuwa amelisemea zizi tupu. Yule mwanamke alikuwa ameketi kushoto kwake, karibu kabisa, muda wote ule, na Shimba hakuwa anamwona. Mwanamke alimtazama mwanangwa, akamtazama Tereza, kisha akaangalia zizini, alikokuwa ameelekea mwanangwa, akayaweka chini maji aliyopewa.

Tereza alikwenda, akamshika mumewe bega, akamgeuza.